Bi Furushi na Mwaka wa Kumi na Nne

Mabawa, Tanga
11 Rajabu 1415 / 14 Desemba 1994

Kwa shemeji yangu Mwanaima Jaku, Wete.

Assalaam alaykum. Huku wote wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo tangu nitimize miaka hamsini limejitangazia uhuru. Dada yako Khadija anakusalimu na anasema usisahau karafuu zake. Mimi nasema ukumbuke kwamba sijaomba karafuu.

Kwa mkono wa Rama wa boti nakuletea flopi moja ya kompyuta. Nimeitia kwenye bahasha ya kaki na kuandika juu yake DAWA, ili asije akaikalia. Ndani mna programu ya ratiba ya Ramadhani, nimeitengeneza upya. Ile aibu ya mwaka jana bado inaniwasha. Niliieleza kompyuta Tanga iko wapi, nikajiambia Pemba si pale tu ng'ambo, nikasahau kwamba nyinyi mko mashariki yetu na jua linakuchwa kwenu kabla ya kwetu. Ni dakika mbili na ushei, lakini watu wa Wete walikaa na tende mikononi, jua limezama, na karatasi yangu inawaambia bado. Na la alfajiri lilikuwa baya zaidi: walikuwapo waliokuwa wakimalizia uji kwa ruhusa ya karatasi yangu na huku mwadhini wenu Mzee Haji ameshaadhini. Funga zilizolipwa kwa ajili yangu sitaki kuzihesabu. Mwaka huu Wete imo yenyewe, kwa jina lake.

Weka flopi, umwite Bi Furushi, naye atafungua mzigo. Unamjua vituko vyake: ni ile programu kongwe ya kufungasha aliyoniachia fundi kutoka Denmark wa shamba la mkonge mradi wao ulipokwisha. Kila ninachokutumia lazima kipite kwake. Hukusanya mafaili, huyabana, huyafunga furushi, na huko kwako huyafungua na kuyapanga mahali pake. Waliomtunga hawapo tena. Niliwaandikia; barua ya kwanza haikujibiwa, ya pili ilirudi na muhuri kwamba kampuni imefungwa. Kitabu chake cha maelezo mchwa walikila kuanzia sura ya tatu, na nina hakika sura ya tatu ndiyo iliyokuwa na maana. Basi tunaye hivyo hivyo alivyo. Hajifunzi jipya, hasahau la zamani. Dada yako anasema tunalingana.

Shemeji yako,
Shaib Hatibu


Wete
19 Rajabu 1415 / 22 Desemba 1994

Shemeji Shaib,

Shikamoo. Pole na goti. Karafuu za dada zimo kwenye mkoba wa Rama, na zako hazimo, kama ulivyotaka.

Flopi ilifika. Rama aliikalia. Anasema dawa haiharibiki kwa kukaliwa.

Nikamwita Bi Furushi. Akanguruma, akahesabu hesabu zake, akaandika kwa Kiingereza kwamba kazi imekwisha. Nikafurahi, nikachapisha ukurasa mmoja, nikampelekea Mzee Haji msikitini kabla wino haujakauka. Akavaa miwani. Akavua. Akaniuliza, "Mwanaima, Wete imekuwa kitongoji cha Tanga tangu lini?"

Shemeji, juu kabisa pameandikwa vile vile kama mwaka jana: TANGA NA VITONGOJI VYAKE. Nyakati ni za Tanga. Nilitafuta jina la Wete kwenye programu nzima, halimo.

Nakuomba uelewe mahali nilipo. Nilikwenda mwenyewe mbele ya kamati ya misikiti nikawaambia wasiagize ratiba mjini mwaka huu, itatoka dukani kwangu, kwa Wete nzima, na safari hii itakuwa sahihi. Walinicheka kidogo, kisha wakakubali, kwa sababu Mzee Haji alisema, "Mpeni nafasi ya pili, ya tatu hamna." Ameahidi kuipima karatasi na jua siku za mwisho za Shaabani. Ikipatana ataadhini kwayo. Isipopatana, mkewe ataifungia vitumbua. Mimi nikishafungiwa vitumbua mara mbili, nani tena ataniletea hata kadi ya harusi nimchapishie? Lakini hilo ni langu. Kubwa ni saumu za watu.

Basi nakuuliza kwa adabu zote: si umeniletea flopi ya mwaka jana?

Mwanaima


Mabawa, Tanga
26 Rajabu 1415 / 29 Desemba 1994

Shemeji Mwanaima,

Kwa adabu hizo hizo nakujibu: sikukuletea. Nimeifungua programu hapa mbele ya Khadija kama shahidi. Inauliza mahali, inataja Tanga, Pangani, Tongoni na Wete. Dada yako alipoliona jina la Wete kwenye kioo alitaka kulia, kisha akakumbuka ni mimi niliyeliandika, akajizuia.

Mtuhumiwa basi ni makalio ya Rama. Nimefunga upya, na safari hii nakuletea flopi tatu: moja imo ndani ya kopo la maziwa, moja katikati ya kanga za Khadija anazokuletea, na moja amebeba Rama hadharani ili apate cha kukalia. Bi Furushi alinisumbua kidogo kwa kuniuliza tarehe, maana asipoandikiwa tarehe kwa mkono hafungi kitu. Nikampa, akafunga.

Usidhani sikutafuta njia nyingine. Nilimpigia muuzaji mmoja Dar es Salaam kwa simu ya posta, nikamweleza ninafungasha kwa kutumia nini. Akasema, "Mzee, hicho kitu bado kipo?" kwa sauti ya mtu aliyeambiwa babu yake amerudi. Wanauza programu mpya za kufungasha, nzuri sana, ila zinataka kompyuta yenye kumbukumbu ambayo yako na yangu tukiziunganisha hatuifikii nusu. Miaka ile ya uhaba tulikuwa tunakwenda mpaka Horohoro mpakani kutafuta kipande cha sabuni. Siku hizi sabuni za rangi zote zimepangwa mlangoni kwa jirani, lakini wa kuchukua nafasi ya Bi Furushi kwenye mashine zetu sijampata Tanga wala Mombasa.

Jaribu zote tatu. Ikishindikana nitaamini kuna husuda.

Shaib


Wete
5 Shaabani 1415 / 7 Januari 1995

Shemeji,

Vitongoji. Zote tatu.

Ile ya kwenye kopo, vitongoji. Ile ya kwenye kanga, vitongoji, na kanga zina jina zuri, mwambie dada ahsante. Ile ya Rama hata sikuwa na hamu, nikaijaribu, vitongoji. Na kila mara Bi Furushi ananiandikia kazi imekwisha, bila haya, kama fundi cherehani anayekwambia nguo iko tayari na hata kitambaa hajakikata.

Nimefungua orodha ya mafaili nikatazama. Faili la ratiba lililomo humu lina mwaka 14. Yaani ni lile lile la mwaka jana, 1414. Jipya halikuingia kabisa. Anapokea mzigo wako, anauacha mlangoni, anasema karibu ndani.

Nimefikiri kulifuta la zamani ili asiwe na hila. Nikaogopa. Nikilifuta na furushi likakataa kufunguka, nitabaki sina hata ratiba ya Tanga.

Jana kamati waliniuliza imefika wapi. Nimewaambia kila kitu tayari, ninangoja wino. Ndio uongo wangu wa kwanza mwaka huu, na mwaka wenyewe una wiki moja. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia ili ufanye haraka.

Mwanaima


Mabawa, Tanga
11 Shaabani 1415 / 13 Januari 1995

Shemeji Mwanaima,

Usifute kitu! Ukishika kitufe cha kufutia, fikiria uso wangu.

Nimekata shauri. Nakuja mwenyewe. Jumanne nitapanda boti na kompyuta yangu nzima, Khadija ameshanipa godoro la mgeni niiviringishie. Nikifika tutaziweka mezani bega kwa bega, na kama Bi Furushi hataki kubeba mzigo baharini, nitanakili herufi kwa herufi kwa vidole hivi.

Unajua ninavyopatana na bahari. Nilipovuka kuja kumwoa dada yako nilitapika tangu bandari ya Tanga mpaka nikaonekana na wakwe, na mama yenu, Mungu amrehemu, aliuliza kama bwana harusi ndiye huyu au ndiye mgonjwa wanayemsindikiza. Sijavuka tena tangu nirudi naye huku. Sasa pima mwenyewe jambo hili nimelichukulia kwa uzito gani.

Niandalie ndimu.

Shaib


Wete
12 Shaabani 1415 / 14 Januari 1995

Shemeji Shaib,

Usije! Sijui hata kama ulikuwa na fikra ya kuja, lakini nakujua, na dada aliniandikia kwamba umelitoa nje godoro la mgeni. Lirudishe. Nimempata.

Sikiliza ilivyokuwa. Unajua Shaabani ilivyo, kila mwenye binti anataka amwoze kabla ya mfungo. Leo asubuhi nilikuwa nachapa kadi ya harusi ya Mwatumu, jirani yetu. Mzee Haji akapita mlangoni.

"Wino haujafika tu?"

"Uko njiani, babu."

"Unatoka wapi, Makka?"

Nikainama kwenye kadi kwa haya. Na kadi, kama kadi zote, ina tarehe mbili: Shaabani 1415, chini yake Januari 1995. Nikazitazama zile tarakimu za mwisho. Kumi na tano. Tisini na tano. Siku ile ile moja. Sisi tunazisoma bila kujiuliza, macho yanajua hii ni ya Hijria na hii ni ya Kizungu. Nikajisemea, hivi kizee kilichotungwa Denmark kitajuaje?

Nikamwacha bwana harusi nusu ya jina lake, nikamfungua Bi Furushi wa humu kwangu. Nikaandika faili dogo la upuuzi, nikalifunga kwa mwaka 14, nikalifungua, likakaa. Kisha nikalibadilisha maneno, nikalifunga kwa mwaka 95, nikalifungua juu ya lile la kwanza. Akasema kazi imekwisha. Nikatazama: maneno ya zamani! Hakuligusa. Nikafunga tena kwa mwaka 15. Akalipokea kama mkwe.

Sasa nijibu kwa haki, shemeji. Mwaka jana ulipokuwa unaifunga ile ratiba, Bi Furushi alipokuuliza tarehe, si ulimpa ya Kiislamu?

Kwake yeye kumi na nne si 1414. Ni 2014! Anadhani mwaka jana uliniletea mzigo kutoka miaka ishirini mbele. Na mwaka huu unamletea wa tisini na nne, yeye anaona ni wa zamani, na kwa heshima ya nyumba haondoi kipya akaweka kikuukuu. Ndipo anapouacha mlangoni na kusema imekwisha. Hakuwa na hila. Alikuwa anakulinda usijiharibie kazi yako ya mwaka 2014.

Kulifuta la zamani bado sitaki, wala hakuna haja. Mpe mwaka kumi na tano, flopi mpe Rama, ubaki nchi kavu.

Mwanaima

Kadi ya Mwatumu imetoka nzuri. Bwana harusi nimemmalizia jina.


Mabawa, Tanga
16 Shaabani 1415 / 18 Januari 1995

Shemeji Mwanaima,

Barua yako ilinikuta bandarini jana, nimekaa juu ya godoro, kompyuta ndani yake kama maiti, ndimu mbili mfukoni, na rangi ya uso wangu, kwa maneno ya Khadija, tayari iko katikati ya bahari. Boti ilikuwa bado imefungwa gatini, mimi nimeshaanza kichefuchefu. Rama akashuka, akanipa bahasha, akasema, "Kuna dawa." Safari hii alikuwa mkweli.

Nimeisoma hapo hapo kwa sauti. Khadija alicheka mpaka wachukuzi wakaja kuuliza kama tunahitaji msaada.

Ndiyo. Nilimpa tarehe ya Kiislamu. Nilitia udhu, nikapiga bismillahi, nikaona kazi ya Ramadhani haifai kufungwa kwa tarehe ya risiti. Na mwaka huu kwa kuwa nimeanza mapema, mteja amesimama mlangoni, nikampa ile ya risiti. Ndiyo yote.

Niliporudi nyumbani sikuvua hata viatu. Bi Furushi aliponiuliza tarehe nikampa siku, mwezi na mwaka wa kumi na tano. Akafunga. Nilimsikiliza anavyonguruma, nikaapa anacheka.

Flopi hii hapa, moja tu. Sikuandika DAWA, nimeandika RATIBA YA WETE, ili Rama ajue anachokikalia.

Niandikie upesi. Mpaka nipate jibu lako siwezi kula vizuri, na Khadija anasema hiyo ndiyo faida ya kwanza iliyotokana na kompyuta katika nyumba hii.

Shaib


Wete
3 Ramadhani 1415 / 4 Februari 1995

Shemeji mpendwa,

Shikamoo na Ramadhani Karim. Nimechelewa kwa makusudi. Nilitaka nikuandikie nikiwa nimeona kwa macho.

Flopi ilifika nzima. Bi Furushi akanguruma, akasema kazi imekwisha. Sikumwamini. Nikafungua programu, nikafumba jicho moja. Ikaniuliza mahali. Tanga, Pangani, Tongoni, na chini yake, Wete. Nikapiga vigelegele peke yangu dukani, mpaka mama yake Mwatumu akapokea kutoka kwao bila kujua ni harusi ya nani.

Kile kichwa cha karatasi nimekibadilisha. Utaona kwenye nakala niliyokuwekea.

Siku za mwisho za Shaabani Mzee Haji aliipima, kama alivyoahidi. Magharibi ya kwanza akasema ni bahati. Ya pili akasema saa yake huenda inakimbia. Ya tatu aliikunja karatasi akaitia mfuko wa kanzu, ule wa ndani, anaotilia miwani. Nikajua vitumbua havitapata karatasi hii.

Lakini nilitaka siku yenyewe. Mwezi ulionekana Jumatano jioni, Alhamisi tukafunga. Alfajiri nimekaa kitako na ratiba mbele yangu, bilauri ya maji mkononi. Ikafika dakika ya karatasi, nikaiweka bilauri chini, na bilauri kugusa meza na "Allahu akbar" ya Mzee Haji vikawa pamoja. Wallahi nywele zilinisimama.

Magharibi nikaenda mpaka barazani karibu na msikiti. Wete nzima ilikuwa hapo, tende mikononi. Wanakumbuka ya mwaka jana. Mzee Haji amesimama mlangoni, karatasi mkono wa kushoto, wa kulia tayari uko sikioni. Anatazama magharibi. Anatazama saa. Anatazama karatasi. Jua limebaki ukucha. Likaisha. Hakuitazama karatasi tena. Aliadhini, na mimi niliyekuwa naitazama nikaona dakika ni ile ile.

Watu wakala. Hakuna aliyemwangalia mwenzake kwanza.

Baada ya sala alinijia, bado ana kokwa ya tende mdomoni. "Mwanaima," akasema, "mwambie yule shemeji yako wa Mabawa, Tanga wakitaka kuwa kitongoji chetu, waandike barua ya maombi." Kisha akaniuliza kama wino uliobaki unatosha, maana Chake Chake wametuma mtu, na wao wanaitaka yao. Nikamwambia wino upo tele, babu. Akasema, "Najua. Ulikuwapo siku zote."

Sasa nina kazi mpaka Idi. Tia Chake Chake kwenye programu haraka, na usisahau mwaka.

Mwanaima


Mabawa, Tanga
12 Ramadhani 1415 / 13 Februari 1995

Shemeji Mwanaima,

Nakala yako imebandikwa ukutani juu ya kompyuta yangu. WETE NA MAJIRANI ZAKE. Kila mteja anayeingia namwonyesha, hata aliyekuja kurudufu cheti cha kuzaliwa. Khadija anaisoma kila jioni kabla ya kufuturu, ingawa nyakati zake hazimhusu, na nimemwona mara mbili akifuturu kwa saa ya Wete.

Chake Chake imo, flopi anayo Rama. Nimeifunga mwaka wa kumi na tano.

Nimemjaribu Bi Furushi ili nijue mwisho wake uko wapi. Nilimpa mwaka sabini na tisa, akauona uko mbele. Nilimpa themanini, akauona wa kale. Maana yake tukimpa tarehe zetu za Hijria atatufungia ratiba bila kinyongo mpaka mwaka 1479. Wajukuu wa Mwatumu watakuwa wameshaoa. Yule muuzaji wa Dar es Salaam juzi aliniita kwenye simu ya posta kuniarifu kwamba ile programu mpya aliyotaka nichukue, tayari imepitwa, kuna mpya zaidi. Nikamwambia asante, sisi huku yetu imefika mwaka 2015, akiwa na haja aje ajifunze.

Na kile kitabu nimekitengeneza. Palipoliwa nimebandika karatasi nzuri, nikaandika kwa mkono wangu:

Sura ya Tatu. Bi Furushi akiuliza tarehe, mpe ya Kiislamu. Akisema kazi imekwisha, usimwamini mpaka umuulize Mwanaima.

Mchwa wakiila na hiyo, nakala unayo wewe.

Na karafuu, shemeji. Mwaka huu naomba.

Shaib Hatibu